Kutu kwenye kisima cha baba

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu kuhifadhi nakala za data, na itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo niruhusuni nitoke kidogo nje ya kompyuta. Nataka kuwasimulia hitilafu moja iliyonisumbua karibu miaka mitatu, wala haikuwa kwenye programu yoyote. Ilikuwa kwenye maji ya nyumbani kwa mama. Mimi ninayelipwa mshahara kwa kutafuta makosa ya programu niliikosea hii tangu siku ya kwanza, na nilipoipata hatimaye, nilipata na jambo jingine ambalo sikuwa nikilitafuta.

Kwetu ni Kwale, Pwani ya Kusini, upande wa juu wa barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Anayepajua atakwambia kwamba upande wa baharini ni mwamba wa matumbawe, lakini ukivuka barabara na kupanda kidogo unaingia kwenye mchanga. Mchanga huo ndio uliompa baba wazo. Alikuwa fundi wa bomba katika hoteli, na alipostaafu mwaka 2008 alisema amechoka kununua maji ya mikokoteni. Hakuchimba kisima kwa jembe na sururu. Alikipigilia.

Kwa wasiojua, kisima cha kupigilia ni hivi. Unachukua ncha ya chuma yenye matundu ubavuni na wavu wa kuzuia mchanga. Juu yake unafunga kipande cha bomba, kisha unainua uzito wa chuma kwa kamba na kuuachilia uanguke juu ya bomba, du, du, du, mpaka kipande kizame. Unaunga kingine kwa soketi, unaendelea. Baba alitumia vipande sita vya bomba la chuma lililopakwa zinki, la inchi moja na robo, kila kimoja mita moja na nusu. Jumla mita 9. Maji yalikuwa kwenye mita 5 hivi. Hiyo ni bahati, kwa sababu pampu iliyokaa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka chini sana. Kinachoyasukuma maji juu ni uzito wa hewa tu, na kwa vitendo ukipita mita 7 hivi pampu inaanza kulalamika.

Mwanzoni tulikuwa na pampu ya mkono. Mwaka 2014, nilipopata kazi yangu ya kwanza ya maana Nairobi, nilinunua pampu ya umeme na tangi la lita 1,000. Baba alilifunga mwenyewe juu ya jukwaa la mbao. Kati ya pampu na tangi akaweka koki moja ya pembeni, inayotazama migomba iliyo nyuma ya bafu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda msikitini, aliwasha pampu, akafungua koki ile, akajaza ndoo mbili na kuzimwaga kwenye migomba. Halafu ndipo akafunga koki na kuacha maji yapande kwenye tangi.

Mimi nilimkosoa. Ndiyo, nilimkosoa mzee wangu. Nilikuja likizo nikamwona, nikamwambia, "Baba, ndoo mbili kila siku unamwaga, na umeme wa tokeni ni ghali. Si migomba ingoje mvua?" Hakukasirika. Akasema, "Migomba nayo inataka kunywa," akaendelea na kazi yake. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi.

Alifariki mwaka 2019. Mungu amrehemu. Hata arobaini haijafika, mama akaanza kulalamika kwamba maji yamekuwa mekundu.

*

Tuzungumze kwanza juu ya huo wekundu, kwa sababu mtu wa mjini anaweza kudhani ni jambo dogo. Nguo nyeupe zilitoka kwenye beseni na madoa ya rangi ya matofali. Kanzu ya marehemu baba, ambayo mama alitaka kumpa kaka yangu, iliharibika kwa njia hiyo. Dada yangu akaloweka ile kanzu kwenye dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, madoa yakazidi. Hilo lina sababu yake. Klorini huigeuza chuma iliyoyeyuka kuwa kutu kamili, na kutu inashika kwenye uzi. Kilichosaidia nguo nyingine ni ndimu na chumvi, nguo ikianikwa juani, jambo ambalo mama alilijua zamani na hakuna aliyemuuliza.

Na chai je? Ukichemsha majani ya chai kwa maji yenye chuma nyingi, chai inageuka nyeusi kama wino. Huo si mzaha. Wino wa kale wa kuandikia ulitengenezwa kwa njia iyo hiyo, chuma ikikutana na ule ukali wa mimea unaofanya chai ikaushe ulimi. Mama aliacha kuwapa wageni chai ya rangi. Kwa mtu wa Pwani, nadhani mnaelewa uzito wa jambo hilo.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Kisima ni cha mzee, mzee ameondoka, maji yanahuzunika. Mama hakusema hivyo kwa kinywa chake, lakini niliona kwamba neno lile limemwingia. Kila nilipotaja kubadilisha kitu kwenye kisima, alisema, "Kiache, mwanangu. Hicho ni cha baba yako."

Mimi nilikuwa na maelezo yangu pia, ya kisasa zaidi lakini si bora. Nikasema chini ya ardhi kuna madini ya chuma, basi dawa ni chujio. Nikiwa Nairobi, bila kuona wala kupima chochote, nikatuma pesa kwa M-Pesa, mpwa wangu akanunua chujio la kufunga kwenye bomba kwa shilingi 8,500. Likafanya kazi siku tisa. Siku ya kumi likaziba, maji yakawa yanadondoka kama machozi. Tukanunua moyo mwingine wa chujio, ukaziba tena. Chujio la namna ile hushika chembe tu. Chuma iliyoyeyuka ndani ya maji hupita kama sukari kwenye chai, halafu inageuka kutu mbele ya safari.

Kisha akaja fundi mmoja wa visima akatwambia dawa ni kwenda chini zaidi, mita 60, kwa mashine. Bei yake ilikuwa laki kadhaa. Nilichukua fomu ya mkopo wa sako nikaijaza. Namshukuru Mungu sikuitia sahihi, maana kwetu ukienda chini sana karibu na bahari unaweza kukutana na maji ya chumvi, na hapo utakuwa umenunua tatizo jipya kwa mkopo.

*

Idd-ul-Fitr ya Mei 2022 nilikwenda nyumbani kwa siku kumi. Siku ya pili nilikaa kibarazani nikitazama lile tangi, nikajiuliza swali ambalo huwa nawauliza vijana wapya kazini: umeona hitilafu inatokea wapi, au umekisia? Nilikuwa nimekisia. Miaka mitatu ya kukisia.

Basi nikafanya kama ninavyofanya programu inapoharibika. Unagawa mfumo vipande viwili, unapima katikati, unajua upande gani una ugonjwa, kisha unaugawa ule upande tena. Maji yetu yanapita ardhini, kwenye bomba la baba, kwenye pampu, kwenye tangi, kwenye mabomba ya nyumba hadi mfereji wa jikoni. Hapo katikati nilikuwa na ile koki ya pembeni ya baba. Maji yanayotoka pale hayajaligusa tangi wala nyumba.

Nilinunua chupa kumi za maji, za plastiki isiyo na rangi, nikazimwaga na kuzisuuza. Mpwa wangu akaandika namba juu ya kila moja kwa kalamu ya wino mzito. Usiku tulizima pampu na kukataza mtu yeyote kuigusa.

Saa kumi na moja alfajiri tukawasha pampu na kufungua koki. Ndoo ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ya pili ilikuwa kama juisi ya embe iliyotiwa maji mengi. Ya tatu na ya nne zilikuwa na manjano kidogo. Ya tano ilikuwa safi. Tukaendelea kwa nusu saa nzima, na maji yakabaki safi. Kutoka kila hatua tukajaza chupa moja mpaka juu kabisa, tukaifunga.

Hapo nikaanza kuona aibu, kwa sababu hesabu ni rahisi. Bomba la inchi moja na robo hubeba karibu lita moja kwa kila mita. Bomba letu ni mita 9, kwa hiyo ndani yake hulala lita 9 hivi usiku kucha. Ndoo ni lita 20. Yaani yale maji mabaya zaidi yalikuwa yale yaliyolala ndani ya bomba, pamoja na kutu iliyobanduka pampu ilipoanza kuvuta. Kama chuma ingekuwa inatoka ardhini, ndoo ya tano ingekuwa na chuma sawa na ya kwanza, na hata baada ya saa nzima isingepungua.

Lakini sikutaka kukimbilia jibu tena. Kuna chuma inayokuja imejificha. Maji yanatoka kisimani yakiwa meupe kama kioo, ukiyaacha yakapigwa na hewa yanageuka manjano, kisha kutu inazama chini. Ndiyo maana tuliziweka zile chupa kwenye kivuli hadi kesho yake. Chupa ya ndoo ya kwanza ilikuwa na tope jekundu chini. Chupa ya nusu saa ilikuwa bado safi, labda kivuli chembamba sana cha manjano ukiiweka mbele ya karatasi nyeupe.

Kipimo cha tatu kilikuwa kwa jirani. Bibi mmoja umbali wa mita 60 ana kisima cha zamani cha kuchimbwa, cha kamba na ndoo ya plastiki, maji yake yako kwenye kina kilekile. Hapo hakuna bomba wala chuma yoyote njiani. Maji yake yalikuwa safi, na chupa yake ilibaki safi siku mbili. Ardhi ni ileile. Tofauti ni bomba.

Swali likabaki: kwa nini bomba lililopakwa zinki lioze hivyo? Shemeji yangu anatunza bwawa la kuogelea katika hoteli, naye ana kile kisanduku kidogo cha kupimia asidi ya maji kwa matone ya rangi. Tulipotia matone kwenye maji yetu, yakawa ya njano kabisa, chini ya alama ya mwisho ya 6.8. Maji ya jirani vilevile. Kile kisanduku hakiwezi kusoma chini ya hapo, kwa hiyo nilijua tu kwamba tumevuka mpaka, sikujua kwa kiasi gani. Nikapeleka chupa za sampuli Mombasa kwenye maabara ya maji. Majibu: pH 5.9. Chuma kwenye maji ya kwanza ya alfajiri ilikuwa miligramu 4.2 kwa lita, baada ya nusu saa 0.4, kwa jirani chini ya 0.1. Shirika la Afya Duniani husema kwamba chuma ikizidi miligramu 0.3 kwa lita, nguo na vyombo huanza kupata madoa. Halikuweka kikomo cha sumu kwa kiwango cha kawaida cha maji ya kunywa. Yaani kutu ile ilitudhalilisha zaidi kuliko ilivyotudhuru.

Na maelezo yake ni haya. Mvua inapopenya udongoni inachukua hewa ya ukaa inayotokana na mizizi na majani yanayooza, ikawa na asidi kidogo. Ikipita kwenye mwamba wa matumbawe, chokaa ya mwamba inaituliza asidi, ndiyo maana maji ya upande wa baharini ni mazito na sabuni haitoi povu. Ikipita kwenye mchanga wetu haikuti chokaa ya kutosha. Inafika chini ikiwa bado na njaa. Zinki huliwa kwanza, na maji yakiwa chini ya pH 6.5 hivi haichukui miaka mingi. Zinki ikiisha, zamu ni ya chuma yenyewe. Ni jambo linalojulikana kwa mafundi wa pampu za mkono Afrika nzima, kwamba penye maji ya asidi mabomba ya zinki hayafai.

*

Jioni ile nilikuwa nimefurahi sana. Nilikaa jikoni na mama nikimweleza kila kitu, chupa kwa chupa. Nikamwambia kwamba kisima hakina huzuni, kina kutu. Kwamba kila alfajiri ndoo za kwanza ndizo mbaya, na kwamba tangu mwaka 2019 mpwa wangu amekuwa akiwasha pampu moja kwa moja hadi kwenye tangi, kwa hiyo kutu yote ya usiku imekuwa ikimwagwa humo na kutulia chini, halafu maji yakitikisika inashuka hadi jikoni.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Akasema, "Ndoo za kwanza?"

"Ndiyo, mama. Mbili za kwanza hasa."

Akanyamaza. Kisha akasema, polepole, "Hizo ndizo alizokuwa akimwagia migomba."

Wasomaji wangu, nilitoka nje na tochi. Chini ya ile migomba, mahali ambapo baba alikuwa akiziinamisha ndoo zake, kuna mawe meupe ya matumbawe aliyoyapanga ili maji yasichimbe udongo. Mawe yale ni mekundu. Mekundu kama matofali, tabaka juu ya tabaka, ya miaka mingi. Kumbe maji hayakugeuka alipofariki. Yalianza kuharibika angali hai, na yeye fundi wa bomba wa miaka thelathini aliliona kabla ya mtu yeyote, akatafuta njia ya kulizunguka tatizo, akaifanya kila siku gizani kabla hatujaamka. Hatukuwahi kunywa kutu kwa sababu alikuwa akiimwaga. Na mimi mwanawe, mwenye shahada ya kompyuta, nilimwambia anapoteza umeme.

Kazini tunalijua jambo hili. Unakuta kwenye programu ya zamani mstari mmoja wa ajabu, hauna maelezo, unaonekana hauna maana. Kijana mpya anaufuta ili kusafisha, na baada ya wiki mbili mfumo unaanguka. Mstari ule ulikuwa umeshikilia kitu. Siku zote nimewalaumu wale walioandika mstari bila maelezo. Usiku ule nilifikiri pia juu ya sisi tunaoukuta na hatuulizi. Baba hakueleza, ni kweli. Lakini mimi sikumuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa namna ya kumwambia aache, na mtu akiulizwa hivyo hujibu kwamba migomba nayo inataka kunywa.

Mama alilia kidogo, kisha akacheka. Akasema, "Na ndizi zake zilikuwa tamu."

*

Haya, turudi kwenye ufundi. Tungeweza kurudia desturi ya baba na kuishia hapo. Lakini zamani ndoo mbili zilitosha, sasa zinatakiwa tano, na bomba linaloliwa hivyo mwisho wake linatoboka. Mara hii niliposema tubadilishe, mama hakupinga. Nadhani ni kwa sababu sasa tulijua tunabadilisha nini.

Fundi wa hapo kijijini akatuwekea bomba la plastiki la inchi 2 kwa njia ya kuosha. Pampu inasukuma maji kwa nguvu ndani ya bomba, yanatokea mdomo wa chini na kuupandisha mchanga juu, bomba linazama lenyewe ukiligeuzageuza. Mchanga wetu ni laini, alasiri moja ilitosha kufika mita 9. Sehemu ya chini ilikuwa imekatwa nyufa nyembamba kwa msumeno. Juu tukachimba kulizunguka bomba mita moja, tukajaza saruji na kutengeneza sakafu yenye mteremko, ili maji machafu yasirudi chini.

Na mahali tulipahamisha. Maabara ilikuwa imetupa jibu jingine ambalo sikulitarajia: yale maji ya jirani, safi kama kioo, yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Kisima kiko wazi, na choo cha shimo kiko karibu. Sisi tulikuwa tumeogopa rangi miaka mitatu, na bibi wa watu alikuwa anakunywa kilicho kibaya zaidi kwa sababu hakina rangi. Tulimweleza kwa adabu. Sasa anatia dawa ya klorini kwenye mtungi wa kunywa, na wanawe wamemjengea mfuniko. Kisima chetu kipya tukakiweka upande wa pili wa uwanja, zaidi ya mita 30 kutoka choo chochote.

Tukakitia klorini, tukakiacha usiku, tukakivuta hadi harufu ikaisha. Tangi tukalifungua. Chini yake tulikuta tope jekundu la unene wa vidole viwili. Baada ya wiki mbili maabara ikasema chuma iko chini ya 0.1, vijidudu hakuna. pH bado ni 5.9, maana ardhi haijabadilika. Plastiki haijali. Lakini mifereji ya jikoni ina madini ya shaba, na maji yenye asidi yakilala humo yanaweza kuyeyusha shaba, na hata risasi ikiwemo. Kwa hiyo nyumbani sasa kuna amri: asubuhi maji ya kwanza ya mfereji hayanywewi, yanamwagwa. Ile ndoo ya asubuhi imerudi, safari hii ikiwa na maelezo. Mpwa wangu ameyaandika kwa rangi nyeupe kwenye tangi lenyewe, tarehe, kina, aina ya bomba, na kwa nini.

Bomba la baba tulilijaza saruji hadi juu, kwa sababu kisima kilichoachwa wazi ni njia ya uchafu kwenda kwenye maji ya kila mtu. Mama aliomba tusilikate. Bado limesimama nusu mita juu ya ardhi, karibu na migomba.

Kwa wale wenye maji mekundu nyumbani, kabla ya kununua chochote:

1. Acha pampu ilale usiku, kisha pima maji kabla hayajafika kwenye tangi. Yakiwa mabaya mwanzoni tu na kusafika ukiendelea kuvuta, shuku bomba.
2. Yakitoka meupe na kugeuka manjano ndani ya chupa, hata baada ya kuvuta muda mrefu, chuma iko ardhini. Hapo yapigwe hewa kwanza kwa kuyamwaga kwa matone, yatulie, kisha yapite kwenye mchanga.
3. Ukikuta utelezi wa rangi ya machungwa ndani ya tangi la choo, hao ni bakteria wanaoishi kwa chuma. Safisha na utie klorini mfumo mzima.
4. Linganisha na kisima cha jirani kisicho na bomba la chuma.
5. Pima pH, na upime vijidudu hata kama maji yanang'aa.
6. Kama nyumbani kuna mzee mwenye desturi usiyoielewa, muulize. Muulize ukiwa umekaa chini.

Sehemu ya pili ya makala ya nakala za data inakuja wiki ijayo, inshallah. Wenye visima, niambieni yenu yakoje. Kwaherini kwa sasa.